Neno Linafuata Nyama

Nilimwambia mbwa acha. Nilimwambia achia, nikamwambia leka, nikamwambia lâche kwa Kifaransa cha walinzi, nikamtukana mama yake, kisha nikamwomba kwa jina la Bwana Yesu. Hakuachia. Tulikuwa ndani ya shimo, mdogo wangu Dieudo mbele, mi nyuma yake, tumelala kwa tumbo kama mijusi. Mdomo wa tundu ulionekana mbali, mweupe, maana ilikuwa mchana wa jua kali. Kati ya Dieudo na ule weupe kulikuwa na mbwa, na mbwa amemshika chini ya kwapa. Hakubweka. Hakunguruma. Alikuwa anapumua kwa pua tu, polepole, kama mtu aliyelala, na kila akipumua meno yalizidi kuingia.

Juu, Komanda Kabwita, mkubwa wa walinzi wa mgodi wa kampuni tulioingia kuchimba kwa siri, alikuwa anapiga kelele: “Mutoke, bezi! Mutoke!” Bezi ndiyo wezi.

Tutoke wapi? Mlango ulizibwa na mbwa wake.

“Komanda, sema neno!” nililia. “Iko na neno yake! Sema neno, imbwa iachie!”

“Neno gani?” akajibu. Halafu nikasikia walinzi wanacheka, wakaanza kuvuta ile kamba iliyofungwa kwa mbwa. Wewe uliyewahi kuona nyama ikivutwa huku imeshikwa, unajua kinachotokea. Nilipitisha mkono juu ya bega la Dieudo, nikaingiza vidole kwenye taya nijaribu kulifungua. Vidole viwili vilibaki humo. Dieudo aliniambia, “Yaya, usichoke.” Yaya kwetu ndiyo kaka mkubwa. Baada ya hapo hakusema kingine cha maana.

Lile neno lilikuwepo. Kabwita alijua lipo. Aliambiwa mchana, mbele yangu, akalikataa. Ndiyo maana ninaandika, mi ambaye shule niliiacha darasa la nne. Na siwezi kuandika habari ya Kabwita bila kuandika kwanza habari ya mzee aliyewatengeneza wale mbwa, maana neno lilikuwa mdomoni mwake, na mi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta miaka mingi, tangu kabla watoto wangu wa kwanza hawajaota meno.

Tulimwita Tata wa Imbwa. Tata ndiyo baba, imbwa ndiyo mbwa, kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi. Jina lake halisi walilijua padri na marehemu mke wake.

Kitu cha kwanza mtu yeyote wa kule kwetu Manika angekuambia juu yake si mbwa. Angekuambia: yule mzee hajui kushukuru. Ungempa maji, ungempa kiti, ungembebea jeneza la mke wake mpaka kaburini, asingesema aksanti. Angekutazama, angesema, “Nimeona.” Basi. Mke wangu, mama Béa, alimpelekea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ile wiki aliyofiwa. Akarudi na sahani tupu na uso umevimba kwa hasira.

“Amesema nini?” nikamuuliza.

“Eti ameona! Ameona nini? Mi nilipeleka chakula ama nilipeleka sinema?”

Hata kanisani. Padri alihubiri siku moja juu ya wale wakoma kumi walioponywa, akarudi mmoja tu kushukuru, na kanisa lote likageuka kumtazama Tata wa Imbwa pale nyuma. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji cha mbali. Na ikifika wimbo wa shukrani, alikuwa anatoka nje. Watu walisema anakimbia sadaka. Wengine walisema ni mchawi, kwamba neno la shukrani lingemchoma ulimi.

Na nyumbani kwake usingelisema. Hiyo ilikuwa sheria. Ukiingia ndani ya uzio wake akakupa kitu, upige makofi matatu ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, kama wazee wa zamani wanavyoshukuru. Ukisahau ukafungua mdomo, alikuwa anakuziba kwa mkono wake wenye harufu ya mbwa. Mi mwenyewe alinizibaga. Nilidhani ni kiburi cha mila. Nilimvumilia, kwa sababu alikuwa na kisima na hakumnyima mtu maji, hata sisi wachimbaji ambao alitudharau.

Maana alitudharau, tusifiche. “Nyinyi,” alikuwa anasema, “munaingia mu shimo bila kuyua nini iko ndani. Hata imbwa inanusa kwanza.” Halafu anakuvutia ndoo.

Sasa mbwa. Wazungu wa kampuni kubwa ya zamani waliacha kule kwetu vitu vingi, na kimoja ni vile vimbwa vidogo vya manyoya makavu, masikio yamekunjwa, roho kubwa kuliko mwili. Tuliviita fokisi. Fokisi anaingia tundu lolote. Ukimwonyesha shimo la nungu anaingia kabla hujamaliza kunyoosha kidole. Lakini fokisi anauma na kuachia, anauma na kuachia, na ngiri si mnyama wa kuumwa na kuachiwa. Ngiri akiwa ndani ya tundu alilochimba muhanga, anakaa amegeuza uso mlangoni, meno nje. Tata alizika fokisi wengi waliopasuliwa vifua. Aliwazika kweli, kwa shuka, nyuma ya jiko, huku mke wake akilala bila shuka.

Akaenda Dilolo, mpakani, kwa mfanyabiashara aliyevuka kutoka Angola na dume la buludogi. Nilimwona siku alipofika nalo. Uso umebondwa kama alikimbia akagonga ukuta, miguu ya mbele imepanuka, mate yananing'inia. Watoto walimfuata wakiimba. Buludogi hawezi kukimbia, hawezi kuingia tundu, na jua la Septemba likimpata anapumua kama lori lililobeba mawe. Ila akishika, ameshika. Tata alimpa gunia alishike, akalitundika gunia kwenye tawi, mbwa akabaki ananing'inia huko mpaka sisi watazamaji tukaenda kula tukarudi.

“Huyu ni mlango na kufuli,” aliniambia. “Ile ndogo ni ufunguo. Mi natafuta mutoto mwenye atakuwa vyote.”

Hakumpata upesi. Watoto wa kwanza walitoka vichwa vikubwa, jike mmoja akafa akiwazaa. Wengine walikuwa wapana, wakakwama. Kipimo chake kilikuwa ndoo ya bati iliyotolewa kitako, ameilaza ndani ya kichuguu: mtoto wa mbwa akifikisha umri anarushiwa mfupa ng'ambo ya ile ndoo. Akipita, anaishi. Akikwama, Tata alikuwa anampeleka mtoni mwenyewe, kwa kapu, akirudi hasemi na mtu siku nzima. Huyo ndiye mtu ninayemwandika. Alilala chini na jike aliyekuwa na homa, akimlisha uji kwa kidole, na mkono huohuo ndio uliobeba kapu. Mke wake aliniambia wakati fulani, “Bwana yangu ni mutu wa huruma sana, lakini huruma yake iko na miguu ine.”

Akarudisha watoto kwa fokisi, akawachanganya tena, akachagua, akapeleka mtoni, mpaka akapata aliyemtaka: mfupi, mwembamba kifuani, mdomo mrefu kidogo wa kupumulia, lakini taya la baba yake. Anaingia kama ufunguo, anashika kama kufuli. Mwindaji alikuwa anasikiliza ardhi kwa sikio, anajua wapi ngiri ameshikwa, anachimba toka juu, anamaliza kwa mkuki. Wawindaji wa upande wa Nzilo, kando ya Lualaba, walikuja kwa baiskeli kuchukua mbwa wake.

Na hapo ndipo neno linaingia. Mbwa wa namna hiyo haachii hata mnyama akifa. Atabaki ameshika chini ya mchanga mpaka naye azibwe pumzi. Kwa hiyo Tata aliwafundisha wote neno moja la kuachia, wangali wanajifunza kula. Na neno hilo hakumpa mnunuzi siku ya kumchukua mbwa. Hapana. Unachukua mbwa, unakwenda kuwinda naye mara ya kwanza huku Tata mwenyewe yuko nawe, yeye ndiye anayeinama juu ya tundu na kusema lile neno chini chini asisikike. Halafu unamletea nyumbani kidari cha mnyama huyo wa kwanza, kimefunikwa majani. Mnaingia ndani, anafunga mlango, anakunong'oneza. Kuanzia hapo mbwa ni wako kweli.

“Neno linafuata nyama,” alikuwa anasema. Mtu akiiba mbwa wake, ameiba kufuli iliyofungwa. Na mwindaji mchoyo, asiyejua kurudisha sehemu, hastahili mbwa.

Nakumbuka mwindaji mmoja wa Nzilo, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma. Alileta kidari chake, wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa anacheka mpaka akashika uzio asianguke.

“Ni hiyo tu?” alimwambia Tata. “Ni hiyo tu, Tata?”

“Ni hiyo.”

Nilimbembeleza Tata aniambie, kwa utani. Akanijibu, “Hata mutoto wako anaiyua. Lakini hayuwi kama anaiyua.” Nikaona ni mafumbo ya wazee, nikaacha. Laiti ningeng'ang'ania.

Basi dunia ikageuka. Vilima vikazungushwa nyaya, mapori yakawa na milango na walinzi, malori yakapita mchana kutwa, ngiri wakahama au wakaisha, sijui. Wale wawindaji waliokuja kwa baiskeli nikaanza kukutana nao shimoni, nao wana tochi kichwani kama mimi. Hakuna aliyetaka tena mbwa wa kuingia tundu. Tata akabaki na banda limejaa ufunguo na kufuli, na hakuna mlango. Nilimwona akizeeka kwa hilo kuliko alivyozeeka kwa kifo cha mke wake. Alikuwa akiwapeleka mbwa kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba, akiwaingiza kwenye ile ndoo, wakitoka na kiatu kizee, yeye akiwasifu.

Ndipo Kabwita akaja. Mchana, gari la kampuni ya ulinzi limesimama nje, mi niko kisimani kwa Tata ninachota maji. Sikujificha. Waliniona.

“Tata,” Kabwita alisema, “nimesikia imbwa zako zinaingiaka mu tundu.”

“Zinaingia.”

“Na zinashika.”

“Zinashika. Ya nini? Iko ngiri kule kwenu?”

Kabwita akacheka, akanitupia jicho. “Iko ngiri mingi. Ziko na tochi ku kichwa.”

Nilitegemea Tata amfukuze. Hakumfukuza. Aliwatazama mbwa wake wamebandika pua kwenye waya, nikaona usoni kwake kitu kibaya zaidi ya tamaa. Niliona furaha. Mtu amekuja kumwambia kwamba kazi yake bado ina kazi.

“Utachukua hii,” alisema, akamtoa dume la kahawia lenye doa jeupe jichoni. “Lakini neno linafuata nyama.” Akamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa: safari ya kwanza pamoja, kidari, mlango kufungwa. Alimweleza polepole kama anavyomweleza mwindaji.

Kabwita alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, na haya ni maneno yake, nayajua kama najua jina la mama yangu: “Tata, weka neno yako. Mi sitafuti imbwa ya kuachia. Imbwa ya kuachia ni ya kazi gani?”

Mi nikaweka ndoo chini. “Tata,” nikasema, “umesikia? Ni sisi tunaenda kushikwa!”

Tata akanigeukia. “Kama hautaki kushikwa, usiingie mu shimo ya bengine.”

Kabwita akampandisha mbwa garini.

Sasa umejua tulipokuwa siku ile mchana kilimani, mi na Dieudo. Umejua kwa nini nilikuwa nalia neno, neno. Mwishowe walinzi wenyewe walishuka, wakampiga mbwa kwa sururu mpaka akafa, na hata amekufa taya halikufunguka. Walilifungua kwa mtaimbo. Dieudo alitolewa juani ana pumzi bado. Tulimweka kwenye taxi-moto, katikati yangu na dereva, na damu yake ilikuwa inaingia kwenye viatu vyangu. Aliisha kabla hatujafika kwenye lami.

Kwenye kilio gari lilelile likaja. Wakateremsha magunia ya unga, mafuta, na kitambaa cheupe. Kabwita alikuwa amevaa miwani. Akasimama mbele ya wafiwa, akasema kampuni inasikitika na bahati mbaya hii, akangoja. Akangoja tena. Mjumbe mmoja wa mtaa akamwinamia mama yangu, mwanamke aliyezaa tisa na kuzika watano, akamnong'oneza, “Mama, useme basi. Beko banangoja.”

Mama akainua uso. “Aksanti,” akasema.

Kabwita akatikisa kichwa, akaingia garini. Tangu siku hiyo, kila ofisi niliyokwenda kukaa kwenye benchi, waliniambia jambo moja: familia ilipokea, familia ilishukuru, neno limekwisha.

Nilikaa muda mrefu bila kuvuka kwa Tata wa Imbwa. Kisimani kwake tuliacha kwenda. Mama Béa alikuwa anatembea mbali na madumu. Mi nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta akikohoa, na nilikuwa nahesabu kikohozi chake kama kazi inayofanywa kwa niaba yangu. Ila mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, nikasikia watu wanasema hatamaliza msimu. Nikaona mtu huyu atakufa na lile neno. Nikachukua fimbo, nikavuka. Sikuwa nimekata shauri fimbo ni ya nini.

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha kamba, blanketi mabegani. Banda lilikuwa tupu, limebaki jike mmoja mzee, macho yana ukungu, mama wa yule wa kahawia. Nilipoinua fimbo, yule jike aliruka pale alipolala akaishika. Jino alilobaki nalo sijui lilikuwa lipi, lakini alishika. Nilivuta. Aliburuzwa chini kama gunia, macho yamefumba, anapumua kwa pua. Nilisikia harufu ya lile shimo.

“Mwambie aachie!” nilipiga kelele. “Mwambie!”

Mzee aliinama kwa taabu. Hakusema kwa nguvu. Alisema kama unavyosema mtu akikupokeza kikombe.

“Aksanti.”

Jike akafungua mdomo. Fimbo ikaanguka.

Kuku wa jirani walikuwa wanaparura uchafu. Nilitaka kucheka kama yule mwindaji wa Nzilo, kikatoka kitu kingine.

“Ni hiyo?” niliuliza.

“Ni hiyo. Imbwa anakupa nyama. Unamushukuru, anaachia. Ingekuwa nini ingine?”

“Tata. Nani atasema aksanti na meno iko mu mwili?”

“Hakuna,” alisema. “Ndiyo maana niliichagua. Mwizi hawezi kuifikiria. Miaka yote sikuisema mahali pengine, hata kwa mke wangu siku anakufa. Alinishika mukono, akangoja niiseme. Nikasema, nimeona.”

“Ju ya nini haukumuambia Kabwita kwa nguvu? Haukukimbia nayo ku kilima ile siku?”

“Hakuleta nyama.”

“Na ju ya nini unaniambia mi leo?”

Alitazama mkono wangu, pale ambapo vidole havipo.

“Weye ulileta,” alisema.

Nikamgeuzia mgongo, nikaokota fimbo, nikaenda kwangu. Alikufa kabla ya mahindi mabichi. Nilibeba jeneza, kwa sababu jirani ni jirani, na mtu mmoja wa ukoo wake aliponishukuru nilimziba mdomo.

Yeye basi ameshaenda kujibu kunakojibiwa. Alitengeneza kufuli akamkabidhi mtu aliyesema hataki ufunguo, na alifurahi. Nimemwandikia hilo hapa, halifutiki. Ila Kabwita hajafa. Kabwita yuko, namwona akipita na miwani yake. Sasa naelewa kile alichokuja kutafuta kwenye kilio chetu. Alisimama mbele ya mama yangu akangoja, mpaka neno likasemwa, na sisi wote tukaachia.

Mi sikulisema. Mama alisema, mi nilikuwa nimefungwa mkono kwa kitambaa, mdomo umejaa chumvi ya machozi. Sikushukuru unga, sikushukuru mafuta. Kwa hiyo bado nimeshika. Komanda Kabwita, na nyinyi mliomweka pale kilimani, wenye gari na wenye nyaya: ulisikia kwa masikio yako kwamba neno la kuachia lipo, ukalikataa, ukamshusha mbwa juu ya mtu. Kwa nini? Njoo ujibu mbele ya watu wa Manika, mchana, bila miwani. Na usiniletee gunia.